Ratiba ya Mjomba: Siku Saba Lamu kwa Kufuata Maji

Jumanne, siku moja kabla ya wageni

Mjomba wangu, kaka yake mama, anaishi Bagamoyo, ana umri wa miaka 71, na tangu mama aolewe Lamu miaka 44 iliyopita hajawahi kufika kwetu. Wamekuwa wakikutana huko kwao katika harusi na misiba, lakini Disemba hii ameamua kuja mwenyewe, pamoja na mkaza mjomba na mjukuu wao Zuhura wa miaka 11, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kupanga siku zao. Nimeamua kuandika kila siku jinsi inavyokwenda, kwa sababu nimewaona wenyeji wengi hapa wakipokea jamaa zao na kuwazungusha juani tangu asubuhi mpaka magharibi, hata wageni wakarudi kwao na picha nyingi na miguu iliyovimba.

Sikuanza na orodha ya mahali pa kutembelea. Nilianza na karatasi ya saa za maji ambayo kaka yangu, aliye nahodha wa mashua, huibandika nyuma ya mlango wa chumba chake. Lamu ni kisiwa, na karibu kila kinachostahili kuonekana nje ya mji hufikiwa kwa chombo, kwa hiyo mtu akipanga safari ya magofu ya Takwa bila kujua bahari itakuwa wapi saa hiyo, atakwama katika matope katikati ya mikoko akisubiri maji yarudi. Mwezi ulikuwa unaandama mwishoni mwa wiki, maana yake tungeingia katika bamvua, wakati ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita 3 hivi baina ya kujaa na kupwa. Siku za bamvua hapa kwetu maji hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Nikazipanga siku zote juu ya jambo hilo: asubuhi kwa shughuli za nchi kavu na fukwe, alasiri kwa mkono wa bahari wa Takwa.

Sharti la pili lilitoka kwa mama. Alisema, «Kaka yangu magoti yake yamechoka. Usimpandishe ngazi mbili kwa siku moja.» Asiyeijua Lamu anaweza kuliona hilo ni sharti dogo, lakini nyumba zetu za mawe ni za ghorofa, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, na Ngome ya kale ya mji nayo ina ngazi zake. Nililiandika juu kabisa ya ukurasa.

Jumatano

Kutoka Bagamoyo walipitia Tanga, wakavuka mpaka Horohoro, wakalala Mombasa, kisha wakapanda basi la Lamu linalopita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, mwisho wa barabara, ambako abiria huvuka kwa mashua. Mimi nilikuwa nimehesabu kwamba wafike gatini Lamu saa kumi alasiri, maji yakiwa bado juu. Basi lilichelewa njiani kwa saa tatu na nusu, wala hakuna aliyewaeleza abiria sababu, na wageni wangu wakafika gatini saa moja unusu usiku, maji yamekwisha kupwa.

Nataka msomaji aelewe hilo lina maana gani kwa mzee. Maji yakijaa, ubao wa mashua hulingana na ukingo wa gati, na mtu huvuka kwa hatua moja. Maji yakipwa, mashua hushuka chini kabisa, na abiria hulazimika kupanda ngazi za mawe ambazo vidato vyake vya chini vimeota mwani na vina utelezi hata mchana. Mjomba alipanda katika giza, bakora mkono wa kulia, kaka yangu akimshika kiuno kwa nyuma na mimi nikimvuta kutoka juu. Alisimama mara mbili kupumua. Mama alikuwa juu ya gati na tochi ya simu, na alipomfikia hakusema neno, akamshika tu mikono miwili na kuibusu. Nilimwamkia, «Shikamoo, Mjomba,» naye akaitikia, «Marahaba, mwanangu, mji wenu una mlango mgumu.»

Usiku huo walikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakalala. Sikuwa nimepanga jambo jingine lolote kwa siku ya kufika, na ningemshauri kila mwenyeji afanye hivyohivyo.

Alhamisi

Siku ya mji. Tulitoka saa mbili asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi, tukafuata njia kuu inayopita katikati ya mitaa, ambayo wenyewe tunaiita Usita wa Mui. Niliwakumbusha wachukue pasi zao, kwa kuwa ada za makumbusho hutofautiana kwa raia, kwa wakaazi wa Afrika Mashariki na kwa wageni wa mbali, na mgeni asiyekuwa na cha kuonyesha huweza kutozwa kiwango cha juu bila sababu. Mkaza mjomba aliuliza magari yako upande gani. Nilimweleza kuwa ndani ya mji mkongwe mizigo hubebwa na punda na mikokoteni ya mkono, na kwamba akisikia mtu akipiga kelele nyuma yake asimame kando ya ukuta, kwani punda aliyebeba mawe hajui kupisha.

Ngome tuliitazama kwa chini. Ilianza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika mwaka 1821, baadaye ikafanywa gereza hadi mwaka 1984, ndipo ikakabidhiwa makumbusho ya taifa. Zuhura alipanda juu pamoja na kaka yangu kutazama uwanja wa Mkunguni na soko, na Mjomba akabaki uani kivulini. Kwa kuwa ngazi ya siku hiyo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya Nyumba ya Waswahili, niliona ni haki kuinyima Ngome.

Hata hivyo, tulichelewa kufika huko, na sababu yake ni milango. Mjomba alikuwa fundi seremala kwa miaka yote ya kazi yake, na Bagamoyo nako kuna milango ya nakshi, kwa hiyo nilidhani ataipita kama mtu anayepita vitu vya kwao. Katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Mkomani alisimama mbele ya mlango wa zamani wa mabawa mawili, akaegemeza bakora ukutani, akaanza kuupapasa mfaa, ule mti wa kati unaofunika mahali mabawa mawili yanapokutana, kuanzia juu mpaka ulipofika mkono wake. Aliniita nitazame karibu. Nakshi ya upande wa kushoto ilikuwa imekatwa kwa kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na ya upande wa kulia ilianza hivyohivyo lakini katikati ikawa nyembamba zaidi, kana kwamba patasi imebadilika. Akasema, «Hapa mkono umebadilika. Mwalimu ameanza, mwanafunzi amemalizia.» Nimepita mbele ya mlango ule tangu nikienda chuoni na juzuu mkononi, na sikuwahi kuliona hilo. Mwenye nyumba alitoka, akatukuta watu wanne tumeinama mlangoni pake, akatuletea viti na maji ya ukwaju, na Mjomba akamwonyesha pia.

Nyumba ya Waswahili ilikuwa ndilo jambo kubwa la siku. Ni nyumba ya zamani iliyotengenezwa ili watu waone maisha yalivyopangwa ndani yake: daka la kupokelea wageni, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, misana miwili, yaani vyumba virefu, iliyofuatana, kisha ndani kwenyewe, kila hatua ikimwingiza mtu faraghani zaidi. Mjomba aliuliza kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba hivyo, kisha akajijibu mwenyewe alipoinua macho darini. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haipatikani ndefu na imara kupita kiasi, hivyo upana wa chumba haufiki mita 3 hata tajiri akitaka. Urefu wa mti ndio uliompimia mwenye nyumba. Zuhura kilichomvutia ni birika la maji chooni, ambamo huwekwa visamaki vidogo ili vile viluwiluwi vya mbu. Alipiga magoti pale mpaka nikaogopa atatumbukia.

Makumbusho ya Lamu yaliyo ufukweni tuliyapitia kwa nusu saa tu kabla ya adhuhuri. Ningetamani tungekaa zaidi, kwani yanajulikana kwa siwa zake, yaani baragumu za sherehe za zamani, ile ya kisiwa cha Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba, lakini Mjomba alikuwa amekwisha kuchoka, na nilichokubaliana na mama kilikuwa kimeandikwa juu ya ukurasa. Tulirudi nyumbani, wakalala hadi alasiri.

Ijumaa

Sikupanga matembezi. Asubuhi wanawake walikwenda sokoni na kwa fundi wa kushona, na Mjomba akakaa barazani na wazee wa mtaa wetu wa Langoni, kahawa chungu na halua mbele yao. Sala ya Ijumaa alitaka kuiswali Riyadha, msikiti ulioanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 na Habib Swaleh, aliyekuja Lamu kutoka Ngazija, katika visiwa vya Komoro, akawafundisha hata wale ambao wenye mji hawakuwajali. Bagamoyo nao wanasoma Maulidi, na Mjomba alikuwa amelisikia jina la Riyadha tangu utotoni.

Jioni tulipanda darini, Mjomba taratibu kwa ngazi yake moja ya siku, kutafuta mwezi. Zuhura ndiye aliyeuona kwanza, uzi mwembamba juu ya mikoko ya upande wa magharibi. Kaka yangu aliutazama akasema kesho Takwa itaingilika.

Jumamosi

Takwa iko katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari, na njia ya kufikia gofu hilo ni mkono mwembamba wa maji unaopenya ndani ya mikoko. Maji yakiwa chini, mkono huo ni matope matupu. Maji yangejaa baada ya saa kumi alasiri, kwa hiyo tuliondoka saa nane unusu, jua likiwa bado kali, na hilo nalikiri kuwa ndilo tatizo la ratiba ya bamvua: bahari humpa mtu nafasi saa ambayo jua halimtaki. Tulitandaza turubai juu ya mashua, tukabeba maembe, maji na mkate wa mofa.

Tulipoingia ndani ya mikoko kaka yangu alizima injini na kushika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Maji yalikuwa bado yanapanda, nasi tulikwenda nayo, yakitusukuma kwa nyuma bila sauti. Kaa wekundu walikuwa wakipanda mizizi kila maji yalipowafikia. Mjomba aliishika mizizi ya mkoko ilipopita karibu, akasema sasa ameziona boriti zikiwa bado hai.

Takwa ulikuwa mji uliositawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha wenyewe wakauhama, na watu wa Shela, kijiji cha kisiwani kwetu, huhesabu asili yao huko. Kilichobaki ni kuta za nyumba nyingi za mawe ya matumbawe, ukuta uliozunguka mji, mibuyu, na msikiti wa Ijumaa ambao juu ya ukuta wake wa kibla imesimama nguzo, jambo ambalo sijaliona katika msikiti mwingine wowote. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye nguzo, la karne ya 17, ambalo watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Njia ya kutoka kwenye gati hadi magofuni ni tambarare, hakuna ngazi, na nilikuwa nimeichagua Takwa badala ya mahali pengine kwa sababu hiyohiyo.

Mjomba alisoma Fatiha kaburini. Kisha alikwenda msikitini, akavua viatu ijapokuwa hapana paa wala mkeka, akasimama mbele ya mihrabu muda mrefu. Mkaza mjomba aliniuliza kwa sauti ya chini watu hawa walikuwa wakinywa maji gani, kwa maana ameona bahari kila upande. Nilimwonyesha kisima cha msikiti, na nikamweleza kuwa miongoni mwa sababu zinazotajwa za mji kuhamwa ni maji ya visima kugeuka ya chumvi. Alitikisa kichwa, akamwita Zuhura na kumpa chupa yake anywe, kama aliyekumbuka jambo.

Kaka yangu alianza kutuita saa kumi na moja kasorobo. Maji yalikuwa yamekwisha kugeuka, na mkono ule hauwasubiri wanaopiga picha. Tulitoka na maji kama tulivyoingia nayo, na tulipofika kwenye mlango wa bahari upepo wa kaskazi ulikuwa umepoa, injini ikazimwa tena, tanga likapandishwa, na mama, ambaye hakuwa ameingia mashuani kwa matembezi tangu baba afariki, akawa anamwonyesha kaka yake nyumba za Lamu moja baada ya nyingine kutoka baharini.

Jumapili

Matondoni. Ningekuwa na wageni wengine huenda nisingekitanguliza kijiji hiki mbele ya Shela, lakini kwa fundi seremala hapakuwa na shaka. Kiko upande wa pili wa kisiwa, na watu wake wanajulikana kwa kuunda majahazi na mashua, na wanawake wake kwa kusuka mikeka na mapakacha. Tuliondoka saa moja asubuhi kabla maji hayajapwa sana, tukijua hatutaweza kurudi hadi alasiri, na hili pia lilikuwa limepangwa: siku ya bamvua maji hukimbia mbali kabisa, vyombo hubaki juu ya mchanga mkavu, na mafundi hupata saa kadhaa za kufanya kazi chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo.

Tulikuta mashua moja imeegemezwa upande, na mafundi wawili wakiikalafati. Mmoja alikuwa akisokota pamba iliyolowa mafuta na kuiingiza katika mwanya baina ya mbao mbili, kisha akiishindilia kwa chembeu na nyundo ya mti, pigo fupi, fupi, refu, akisogea upana wa kidole kila mara. Mjomba aliomba ajaribu. Fundi alimtazama mikono kabla ya kumtazama uso, akampa. Mapigo ya Mjomba yalikuwa makali mno, na fundi akamzuia: ukuta wa nyumba, alisema, hukaa, lakini ubao wa chombo utavimba ukiingia majini, na pamba ikibanwa kupita kiasi itausukuma msumari. Mjomba alipiga tena polepole. Walikaa pale, watu wawili waliokutana asubuhi hiyo, wakizungumza juu ya tezo, keekee, mataruma na bei ya mbao mpaka maji yalipoanza kurudi na kulowesha miguu yao. Katika siku zote saba hapo ndipo nilipomsikia akizungumza zaidi.

Mkaza mjomba alinunua mkeka wa kuswalia, na Zuhura akafundishwa kuanza ukili, ule ukanda wa kusukia mkeka, ingawa wake ulipinda.

Jumatatu

Shela asubuhi, kwa mashua. Kaka yangu na Zuhura walitembea kwa miguu kandokando ya bahari, njia ambayo maji yakijaa hufunikwa sehemu fulani. Tuliona msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, na nilimsimulia Zuhura vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, ambapo watu wa Lamu waliwashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa waliokuja kuuteka mji. Wazee walikaa kivulini, mtoto akaoga, tukarudi kabla ya adhuhuri. Shela ni nzuri, lakini kwa siku chache walizokuwa nazo ilitosha saa tatu.

Alasiri nilimwomba Mjomba turudi mara moja kwenye mlango ule wa Mkomani. Nilikuwa nimechukua karatasi na kalamu ya risasi, nikaiweka karatasi juu ya mfaa na kusugua taratibu mpaka nakshi ikajitokeza, mkono wa mwalimu upande mmoja na wa mwanafunzi upande wa pili. Aliikunja karatasi mara mbili na kuitia ndani ya msahafu wake.

Jumanne

Basi huondoka Mokowe asubuhi. Nilikuwa nimewatafutia nafasi ya kuvuka saa kumi na mbili alfajiri, na mkaza mjomba alilalamika kidogo kwa nini mapema hivyo ilhali kuna mashua za baadaye. Tulishuka ufukweni na mikoba juu ya mkokoteni. Maji yalikuwa yamejaa pomoni, yakigusa karibu ukingo wa gati, vidato vyote vyenye mwani vimefunikwa, na mashua imelingana na mawe. Mjomba alimpa mama bakora amshikie, akavuka kwa hatua moja, akageuka na kunyoosha mkono kuipokea.